Nilisema Simwelewi Nyanya Yangu

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka, hata leo nikiwa na wajukuu tisa, macho yangu huenda chini yenyewe. Keti, mwanangu, nikusimulie. Sikusimulii ili unihurumie, maana mambo yenyewe yamepita na karibu wote waliohusika wamelala. Nakusimulia kwa sababu wiki iliyopita, kwenye foleni ya kliniki hapa Migori, nilimwona msichana wa umri wako akimwambia nyanya yake anyamaze. Kosa la yule mama mzee lilikuwa kuongea Kikuria kwa sauti. Alinyamaza, akakunja mikono juu ya mkoba wake. Nilitaka kumwita msichana kando, lakini jina lao likasomwa, wakaingia kwa daktari, mimi nikabaki na maneno yangu mdomoni. Basi wewe utayapokea kwa niaba yake.

Mimi nilizaliwa Mfangano, kile kisiwa cha Ziwa Viktoria ambacho ukiwa Mbita unakiona kama mlima uliokaa majini. Watu wa kwetu ni Wasuba. Ukiniuliza Wasuba ni akina nani sitakulaumu. Ni watu waliokuwa na lugha yao, ndugu ya Kikuria na ndugu wa mbali wa hiki Kiswahili ninachokuandikia. Lakini waliishi na Wajaluo, wakaoana nao, wakauziana samaki, wakaimba pamoja kanisani, mpaka Kijaluo kikaingia ndani ya nyumba na kukaa. Sikumbuki mtu yeyote akitukataza Kisuba. Kilitoka polepole, boma moja baada ya jingine, na kila boma lilidhani bado kinazungumzwa kwa jirani. Mama yangu mwenyewe alikuwa Mjaluo wa upande wa Kendu Bay. Sisi watoto wake tulitoka tumboni tukilia kwa Kijaluo, kama alivyopenda kututania baba.

Ila mimi nilipata bahati ambayo ndugu zangu hawakuipata. Nilipokuwa na miaka mitatu mama alijifungua mapacha, nyumba ikamzidi, nami nikapelekwa kwa nyanya, mama yake baba, ng'ambo ya pili ya kilima. Nilikaa kwake hadi nilipofika miaka kumi na miwili. Tulimwita Dana, kama Wajaluo wanavyomwita nyanya. Hakujua kusoma. Alijua mbuzi wake wote kwa majina na tabia. Alijua majani ya kuosha macho yaliyovimba. Alijua kisiwa kizima nani ni ndugu ya nani, kiasi kwamba vijana wawili wakianza kupendana, wazazi walikuja kwanza kumuuliza yeye. Na yote hayo aliyajua kwa Kisuba. Kijaluo alikuwa nacho, lakini kilikuwa cha kuuzia omena, wale dagaa wetu, na kuamkiana njiani. Akilazimika kukisema kwa muda mrefu alichoka, akaanza kutafuta mahali pa kukaa.

Maneno yake ya Kisuba sitayaandika hapa, mwanangu. Ukiyataka, njoo. Nitakutamkia, nawe utatamka mpaka nikubali. Nina sababu yangu, na mbele kidogo utaiona.

Nikapelekwa shule ya bweni ya wasichana, upande wa bara, si mbali na Kendu Bay. Huko nilikutana na mambo mawili. La kwanza ni kwamba katika somo la Kiswahili hakuna aliyenifikia. Mwalimu akitaja watu, nyama, nyumba, mimi nilikuwa nimeshayasikia maneno yanayofanana na hayo jikoni kwa Dana, na jinsi maneno yanavyofuatana na kupatana sikuhitaji kufundishwa. Wenzangu Wajaluo walihangaika, maana lugha yao imejengwa vingine. Nilipewa kitabu cha zawadi mbele ya shule nzima. Mwalimu akauliza nimejifunza wapi, nikamwambia ninasoma sana.

La pili ndilo lililonifanya niseme uongo huo. Wasichana wa bara walikuwa na mchezo wa kuiga watu wa visiwani. Mmoja alijitanda kanga, akajikunja mgongo, akatoa maneno yasiyo na maana akijifanya bibi kizee wa kisiwani, na bweni zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikawaambia mama yangu ni wa Kendu Bay, jambo ambalo ni kweli, nikaliacha hapo, wao wakadhani kwetu ni Kendu Bay. Ukweli wa nusu una raha yake, mwanangu. Unalala nao vizuri mpaka siku unapoamka.

Nilikuwa na miaka kumi na sita siku baba mdogo Nashon, ndugu yake baba, alipokuja shuleni na kofia mkononi. Dana alikuwa amelazwa katika hospitali moja huko Homa Bay. Alikuwa amekanyaga kitu ufukweni alipokuwa akianika samaki, mguu ukavimba, homa ikapanda, wakamvusha kwa boti. Baba mdogo alimwomba mwalimu mkuu aniruhusu wiki moja nikakae naye, maana yeye mwenyewe alikuwa na mke mgonjwa kisiwani na hakuweza kukaa. Njiani aliniambia, "Homa imemnyang'anya Kijaluo chote. Anasema Kisuba tu, na pale wodini hakuna anayemsikia. Yeye ndiye aliyekulea. Wewe ndiye mdomo wake sasa."

Nilimkuta amelala kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Alikuwa amepungua. Aliponiona alitaja jina langu, lile alilonipa yeye, si hili la Yunia lililo kwenye vyeti. Nilikaa karibu naye nikamshika mkono, na laiti mambo yangebaki hivyo.

Sista wa wodi alikuwa mwanamke kijana, mrefu, jina lake Penina. Sare yake ilinyooka kana kwamba hajawahi kukaa chini. Nilipomtazama niliona kile nilichotaka kuwa. Na kitanda cha pili, yaani kilichopakana na cha Dana, alilazwa mama mmoja mwenye presha, na aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake akimmenyea chungwa alikuwa Dorka. Dorka wa darasa letu, naye ameruhusiwa kuja kumuuguza mama yake huyo. Yule wa kujitanda kanga.

Akaniuliza kwa mshangao huyu ni nani wangu. Nilisema ni mama mzee wa upande wa kwetu, nimetumwa kumwangalia. Dana alikuwa macho. Kijaluo cha kiasi hicho alikuwa bado anakisikia, hata kama hakuweza kukisema. Sikumtazama usoni.

Sista Penina akaja na faili lake. Dana alipoona mtu wa sare, aliinua kichwa akaanza kueleza, akionyesha kisigino, akirudia maneno yaleyale. Alichokuwa akisema kilikuwa wazi kwangu kama haya unayosoma. Alisema: mwiba wa kambare umeingia, umekatika, umebaki ndani. Ule mfupa mgumu wa ubavuni mwa kambare, ambao wavuvi wanauogopa. Kisigino kwa nje kilikuwa na alama ndogo tu, imeshafunga, na mguu wote umevimba, hivyo aliyetazama aliona uvimbe na homa, hakuona mwiba.

"Anasema nini?" Sista Penina aliniuliza.

Dorka aliacha kumenya chungwa, akanitazama.

"Sijui," nikasema. "Mimi simwelewi. Hiyo ni lugha ya wazee wa zamani."

Hayo ndiyo maneno, mwanangu. Nimeyasema mara moja nikiwa na miaka kumi na sita, na nimeyasikia maisha yangu yote. Sista aliandika kitu, akampiga sindano, akaondoka. Dana alirudisha kichwa kwenye mto. Hakusema tena siku hiyo. Nilimlisha uji, akala, akanipapasa mkono, na jinsi alivyonipapasa ilikuwa vibaya kuliko kama angenipiga.

Siku ya pili alijaribu tena, nami nikasema vilevile. Nilijiambia sindano zitafanya kazi. Nilijiambia wenye elimu wanajua kuliko yeye. Unapotaka kufanya ubaya, sababu zinakujia zenyewe, huhitaji kuzitafuta.

Siku ya tatu asubuhi daktari alikuja, akabonyeza mguu, akanusa, akazungumza na Sista Penina kwa Kiingereza kando ya kitanda. Kiingereza nilikuwa nacho cha kutosha. Nilisikia kwamba vidole viwili vimekufa na kwamba ikifika kesho hali ikiwa hivi, watakata mguu chini ya goti. Dana aliona uso wangu ulivyobadilika. Akaniuliza, kwa sauti ndogo sana ili Dorka asisikie, kwa Kisuba: "Wamesema nini, mtoto wangu? Niambie kwa sikio tu." Alikuwa bado ananifichia siri yangu. Mguu ni wake, na bado alikuwa ananilinda mimi.

Hapo nikasimama. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka kwamba nilimuuliza kwa Kisuba, kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia, mwiba uliingia wapi na ulikuwa mrefu kiasi gani, naye akanionyesha kwa kidole chake, akaniambia na upande ulikoingilia. Kisha nikamgeukia daktari nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuvunjika, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa Kijaluo, kana kwamba nilitaka kila mtu awe shahidi. Nikamaliza kwa kusema, "Huyu ni nyanya yangu mzaa baba."

Daktari hakuuliza kwa nini sikusema mapema. Aliagiza tu aandaliwe. Sista Penina alinigeukia. Alisema jambo moja, taratibu, kwa Kijaluo: kwamba yeye anawatunza mama za wenzake kila siku, na hajaona hata mmoja ambaye lugha yake inachekesha akiwa na maumivu. Kisha akasukuma kitanda.

Waliupata mwiba, urefu wa njiti ya kiberiti. Mguu ulipona. Vidole viwili havikupona. Tangu siku hiyo Dana alitembea akiegemea upande mmoja, na kilima cha kwetu kilikuwa kirefu.

Dorka alipeleka habari shuleni, kama ilivyotarajiwa. Walinicheka. Waliniita Mama Kisiwa. Walicheka wiki moja, wakachoka, wakapata la kuchekea jingine. Wiki moja tu, mwanangu. Nilikuwa karibu kuutoa mguu wa nyanya yangu ili niepuke kicheko cha wiki moja.

Ungedhani hapo ndipo kisa kinapoisha, na mimi nilidhani hivyo. Likizo ilipofika nilivuka kwenda nyumbani nikiwa nimejiandaa kuomba radhi. Nilipanda kilima mbiombio. Dana alikuwa amekaa mlangoni akipepeta wimbi, akaniona, akafurahi kwa uso wote, akanyoosha mikono.

Akaniamkia kwa Kijaluo.

Akaniuliza kwa Kijaluo kama nimekula, kama masomo ni mazuri, kama boti ilitikisika. Aliniita nyakwara, mjukuu wangu, kama nyanya yeyote wa bara, wala si kwa lile jina lake. Kijaluo chake kilikuwa kigumu, kinajikwaa, anatafuta neno, anakosa, anacheka, anaonyesha kwa mkono. Nilimjibu kwa Kisuba. Akanijibu kwa Kijaluo. Nilidhani amekasirika, nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Alishangaa kabisa. Alinivuta akanikumbatia, akasema kwa kile Kijaluo chake kibovu kwamba hana kinyongo, niende nikapakue chakula.

Siku nyingine baba mdogo Nashon ndiye aliyenieleza. Dana alimwambia kwamba Kisuba chake kilimwaibisha mtoto mbele ya wenzake. Mtoto ana safari ndefu huko bara, haifai nyanya awe mzigo wake. Kwa hiyo ameamua, akiwa na miaka yake sabini, ajifunze Kijaluo vizuri. Alikuwa akimwomba mke wa baba mdogo amsahihishe.

Hakuniadhibu, mwanangu. Adhabu ningeibeba. Alinipenda, akaiweka kando lugha yake kwa ajili yangu, na sikujua namna ya kumrudishia. Kila likizo nilijaribu. Nikisema Kisuba alitabasamu kama mtu anayesifu adabu ya mgeni, akajibu kwa Kijaluo. Mwishowe, na ninaona haya kusema, nilizoea. Nikamaliza shule. Nikajifunza ushonaji, maana uuguzi sikuweza tena kuutazama. Nikaolewa hapa Migori na marehemu mume wangu, fundi wa baiskeli. Kisuba changu kikaanza kuota kutu. Neno nililolijua jana, leo nalitafuta, kesho sikumbuki hata kama nililitafuta.

Nilikuwa nimekaa Migori miaka mitatu, na mimba ya kwanza ikiwa kubwa, siku nilipopita sokoni upande wa wauza nafaka. Nikasikia sauti nyuma yangu ikimwambia mtoto asimwage maji. Nikageuka na kujibu, kabla hata sijafikiri, kwamba hajamwaga, ni mimi nimegonga ndoo. Nilikuwa nimejibu kwa Kisuba. Yule mama akaweka mkono kiunoni.

"Wewe ni wa wapi?" aliniuliza kwa Kiswahili. "Unaongea Kikuria kama mtu mwenye amejaza ugali mdomoni."

Alikuwa Robi, wa kutoka Kehancha, aliyeleta wimbi Migori kila siku ya soko. Lugha zetu ni ndugu, si pacha. Tulipatana nusu, nusu nyingine tukaiuliza kwa Kiswahili. Nilikaa juu ya gunia lake nikasema naye mpaka miguu ikafa ganzi. Neno moja la kwake lilivuta neno la Dana kutoka mahali nilipodhani pameshakuwa tupu. Nilianza kwenda sokoni kila siku ya soko hata kama sina la kununua. Mume wangu alishangaa wimbi linavyojaa nyumbani.

Siku moja nikamweleza Robi habari nzima, ya mwiba na ya Kijaluo cha Dana. Alisikiliza huku akipima debe, akampa mteja, akafunga gunia. Robi hakuwa mtu wa kulia na wewe. Alisema, "Umemwomba msamaha, akakupa. Hiyo imeisha. Sasa unataka akuongeleshe, na yeye anakuona mtu mkubwa na aibu zako. Mpelekee mtu hana aibu yoyote. Zaa huyo mtoto, umbebe, ukamwachie."

Binti yangu alizaliwa mvua ikinyesha, tukamwita Akoth. Alipofikisha miezi minne nilivuka naye. Dana alikuwa mzee sasa, macho yana ukungu, lakini alimpokea kama mtu aliyekuwa akingojea zamu yake. Siku ya kwanza alimsemesha kwa Kijaluo. Siku ya pili vilevile. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa na ushauri wa Robi.

Siku ya tatu nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo, jua limeshapanda. Dana alikuwa ndani akimkanda mtoto kwa mafuta. Nikasikia ananong'ona. Mtoto akacheka, kile kicheko cha kwanza chenye sauti, na Dana naye akasahau kunong'ona. Alikuwa akimtajia viungo vyake kwa Kisuba, sikio, shingo, goti, kisigino, na kila kimoja akikipa sifa zake, kwa wimbo ule ule alioniimbia mimi na ambao nilikuwa nimeusahau hata kwamba upo. Nikasimama na shuka mkononi. Alipofika mahali fulani katika wimbo, mtoto hutakiwa kujibu. Akoth alikuwa na miezi minne, angejibu nini. Nikaingia, nikajibu mimi.

Dana aliacha wimbo. Aligeuka akanitafuta kwa macho yake yenye ukungu. Alifungua mdomo nikajua anatafuta Kijaluo, nikapiga magoti mbele yake.

"Dana," nikamwambia kwa Kisuba, kile nilichobaki nacho, "hukuwa mzigo. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto."

Aliweka mkono juu ya tumbo la Akoth. Alipozungumza, alizungumza lugha yake, na aliniita kwa jina lake.

"Nilidhani nakupunguzia njia," alisema. "Miaka yote hii nimekuwa na mambo ya kukuambia, na nimeyasema kwa mbuzi. Lakini sikiliza. Mimi sitakufuata na maneno yangu kama mtu anayetembeza omena. Ukitaka, uliza. Kila ukiuliza nitajibu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilivuka kila nilipoweza, miaka sita mfululizo, na niliuliza. Nilianza kuandika kwenye daftari, akaniambia niweke kalamu chini, maana nikiandika nilikuwa naangalia karatasi badala ya mdomo wake, halafu nikitamka nakosea. Ndiyo sababu yangu niliyokuahidi. Alinirudisha kwenye neno moja hata mara kumi, akinicheka, akinipiga kofi dogo pajani. Akoth alikua katikati yetu, akizungumza Kisuba na mbuzi, Kijaluo na watoto wa jirani. Sijawahi kuwa na miaka mizuri kama ile.

Lakini nikwambie ukweli mzima, nisije nikakuacha ukidhani nilirudisha kila kitu. Dana alipofariki, wanawake walikusanyika kumuaga kwa wimbo wa Kisuba ambao huimbwa kwa mama mzee aliyeacha wajukuu. Waliobaki wanaoujua walikuwa wawili, wote wamezidi miaka sabini. Walianza vizuri. Walipofika sehemu ya tatu, mmoja akamtazama mwenzake, mwenzake akanitazama mimi. Nilikuwa nimeuliza majina ya ndege, ya dawa, ya upepo, ya jamaa zetu hadi babu wa saba. Wimbo huo sikuwahi kuuliza, kwa sababu nani anamuuliza nyanya yake wimbo wa kumzikia? Yeye ndiye aliyekuwa akiujua wote. Wale mama waliendelea kwa kuguna tu, bila maneno, na sisi tukaguna nao mpaka mwisho. Kaburi lilifunikwa hivyo. Sehemu hiyo ya tatu haipo tena popote, mwanangu. Hakuna duka utakalokwenda kuinunua.

Leo Akoth yuko Nairobi, na watoto wake wanaongea Sheng ninayoifuata kwa taabu. Wakinipigia simu wananiambia, "Shosho, sema kitu ya kwenu," nami nasema, nao wanarudia vibaya, tunacheka. Mdogo wao ameshika maneno mengi kuliko wenzake, na juzi alinisahihisha. Alikuwa amekosea yeye, lakini nilifurahi mno hata sikumwambia hadi kesho yake. Robi naye bado yuko hai huko Kehancha, magoti yamekataa, tunazungumza kwa simu kila mmoja kwa lugha yake.

Basi nikupe ninachotaka ubaki nacho. Sikuambii uache Kiingereza. Kilisaidia siku ile wodini, na nisingekuwa nacho nisingesikia daktari alichopanga. Sikuambii uache Kijaluo wala Kiswahili wala hiyo Sheng yenu. Mdomo una nafasi, haujai. Ninachokuambia ni hiki: usikubali kamwe kusema humwelewi mtu unayemwelewa. Ukimkana mzee wako kwa lugha yake, atakuamini, na kwa jinsi anavyokupenda ataiweka lugha kando ili wewe upite. Hatakupigia kelele. Utaona tu siku moja amenyamaza, nawe utadhani hana la kusema.

Na uliza. Usingoje akufundishe, wazee wengi hawajui kufundisha, wanajua kujibu. Uliza hilo jina la mti, uliza kwa nini ukoo huu hauoani na ule, uliza na zile nyimbo zinazokutia woga kuuliza. Muulize akiwa na nguvu za kukucheka ukikosea. Na ukizaa, mpelekee mtoto, kisha kaa nje usikilize.

Sasa nenda, nisikuchoshe. Mungu akupe masikio mepesi na ulimi usioona haya. Akupe wazee wa kukuita kwa majina ambayo hayako kwenye vyeti, akuweke nao siku nyingi, na akujalie nawe uzeeke ukiwa na mtu wa kukuuliza. Popote utakapolala, hapa Migori au ng'ambo ya maji au mbali kuliko hapo, uamke salama, na atakayekuamkia asubuhi uwe unamwelewa.